Mgeni Atangulie

Pampu ya pili ilikufa saa nne na dakika kumi asubuhi, nikiwa na uji mdomoni. Haikupiga kelele. Pampu ikitaka kukusumbua hupiga kelele wiki nzima. Ikitaka kukumaliza hunyamaza tu. Niliusikia ule ukimya kabla kengele ya tahadhari haijalia, nikaweka kikombe chini, nikashuka ngazi.

Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi ya majokofu. Nilisoma chuo cha ufundi, stashahada ya majokofu na viyoyozi, nikaanza na matangi ya maziwa, nikahamia majokofu ya chanjo, na sasa niko kwenye haya ya Njombe ambayo ndani yake kuna baridi kuliko kule juu katikati ya nyota. Watu wakisikia nafanya kazi kwenye kompyuta ya kwantumu wananiita mwanasayansi. Mimi ni fundi wa jokofu. Wanasayansi huja mara mbili kwa mwaka, wanapiga picha na matangi, wanalalamikia baridi ya Njombe, wanaondoka.

Matangi ni mawili, Namba Moja na Namba Mbili, kila moja refu kama mtu mzima, yamening'inizwa kwenye fremu za chuma kama madumu ya asali. Siku hiyo kila moja lilikuwa na hesabu moja ndani, na kila hesabu ilikuwa ya mgonjwa mmoja. Hesabu huchukua siku tisa. Hizi mbili zilianza siku moja, Jumatatu ya wiki iliyopita, na zilikuwa zimeingia siku ya nane.

Niligusa mwili wa pampu nikaondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama pasi. Beringi ilikuwa imekwama, na beringi ikikwama kwenye pampu ile ni kazi ya masaa mawili kwa mafundi wawili waliolala. Nilikuwa mmoja, na usingizi nilikuwa nimeusahau. Pampu ya akiba ilikuwa sakafuni, imefunguliwa tangu mwezi wa tatu, ikisubiri spea. Niliomba spea kwa barua. Nilijibiwa kwa barua.

Ilibaki pampu moja. Gesi yetu ya heliamu hupita bomba moja, kisha kuna koki ya kuigawa kwenda kulia au kushoto. Ukiielekeza upande mmoja, tangi moja linaishi. Ukiiacha katikati, baridi haitoshi popote. Ni kama shuka moja kwa watoto wawili usiku wa mwezi wa saba hapa Njombe: kila mmoja anavuta upande wake, na asubuhi wote wana kikohozi. Na hesabu zetu hazikohoi. Zikipata joto kidogo tu zinafutika, na hakuna nakala. Vitu vilivyomo mle ndani havikubali kunakiliwa. Siyo sheria ya serikali hiyo, ndivyo vilivyoumbwa.

Nikaangalia geji. Dakika hamsini kabla tangi la kwanza kuharibika.

Ukutani pale kuna bango, na bango lina mstari unaohusu siku kama hiyo. Unasema: ikibidi kupoteza hesabu moja, iokolewe yenye namba ndogo, fundi asichague. Maana yake ilikuwa rahisi. Geuza koki kushoto, okoa Namba Moja, andika ripoti, malizia uji. Kazi ya sekunde tatu.

Nilisimama pale nimeishika koki na sikuigeuza.

*

Kwenye bango hilohilo kuna mstari mwingine juu yake. Unasema fundi mwenye ndugu kwenye foleni atoe taarifa na apishe zamu yake kwa mwingine. Mstari huu niliuvunja kwa siku nane mfululizo.

Binti yangu anaitwa Lugano. Ana miaka kumi na mmoja na ukungu wa mapafu, ule uliokuja na mvua zisizokatika. Ukungu huo haufanani kwa mtu na mtu, kwa hiyo dawa ya mmoja haimfai mwingine. Kila mgonjwa anachongewa yake kama ufunguo, na kuchonga huko ndiko kunakofanywa na matangi yetu. Hospitali nilimwandikisha kwa jina la baba yake, Sanga, ambaye yuko migodini Chunya na hutuma pole kwa simu. Kazini mimi ni Redempta Mligo. Hakuna aliyeunganisha Mligo na Sanga, nami sikumsaidia yeyote kuunganisha.

Sikuficha ili niibe kitu. Nilificha kwa sababu ambaye angeshika zamu yangu ni bwana mmoja wa Makambako anayefunga koki kwa koleo. Nilijiambia kwamba mtoto wangu akiwa ndani ya jokofu, jokofu hilo nitalilinda mimi. Nikawa nafanya zamu ya mchana hapa, jioni nakwenda wodini, nalala kwenye kiti, asubuhi narudi. Nilikuwa nimechoka mpaka nikawa nasalimia milango.

Wodini kitanda cha jirani kilikuwa cha Gaspari, mtoto wa miaka tisa, ametoka Lupingu huko Ludewa, ziwani. Mama yake ni fundi cherehani. Walifika wamevaa nguo nyepesi za ziwani, na usiku wa kwanza nilimwona yule mama amejikunja kwenye benchi anatetemeka meno. Kesho yake nikanunua doti ya kanga sokoni, nikamwambia tuikate. Akaikata yeye kwa mkasi wake mwenyewe, mstari umenyooka kama umepigwa rula, akanipa kipande kimoja akajifunga kingine. Kanga imeandikwa *Langu hulijui, lako silijui*. Tulicheka. Nilikuwa sijacheka wiki mbili.

Nilimwambia ninafanya kazi kwenye mashine inayotengeneza dawa. Alifurahi, akasema, "Basi watoto wetu wana mama jikoni." Mstari wa bango sikumwambia.

Ndiye aliyenitaka nimweleze. Muuguzi alikuwa amempa karatasi yenye maneno "chembe zilizofungamana" na picha ya mishale, naye alikuwa ameisoma mara nne na kuitumia kufungia sabuni. Nikashika vipande vyetu viwili vya kanga.

"Tuseme nimefunga hivi kwenye vifurushi viwili," nikamwambia. "Kimoja kinabaki Njombe, kingine kinakwenda Lushoto, kwenye matangi pacha ya haya yetu. Nikifungua changu nikakuta chekundu, najua na cha Lushoto ni chekundu. Hapo hakuna ajabu, si ndiyo?"

"Vimekatwa doti moja," alisema.

"Sawa. Sasa hizi chembe zetu zinafanana namna hiyo kila siku, haikosei. Lakini kifurushi kikiwa kimefungwa, rangi haipo. Siyo kwamba hatuijui. Haipo. Inapatikana unapofungua, na palepale ya mwenzake nayo imepatikana."

Kidole chake kilipita kwenye pindo.

"Kama haipo, nani anaichagua?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Wameshatafuta. Hakuna."

Akatikisa kichwa, akasema kwao Lupingu mambo yasiyo na mwenyewe huwa na mwenyewe.

Nikamweleza na yaliyobaki. Kwamba tangi letu peke yake ni dogo na la Lushoto peke yake ni dogo, lakini ukizifungamanisha chembe za huku na za kule, matangi mawili yanafanya hesabu kama tangi moja kubwa. Kwamba ukiitazama nusu ya Njombe peke yake huoni kitu, ni kama mtu anarusha sarafu siku nzima, na nusu ya Lushoto ni hivyohivyo; jibu liko kati yao. Kwamba hairuhusiwi kuchungulia kabla ya siku ya tisa kwa sababu ukichungulia chembe inakujibu, na ikishakujibu imekwisha, haifungamani tena na mtu. Na kwamba hata majina ya wagonjwa yamefungwa humohumo, nusu huku nusu kule, yafunguke pamoja na dawa. Zamani mafundi walikuwa wanajua ni hesabu ya nani, na hesabu za watoto wa wakubwa zilikuwa haziharibiki kamwe. Ndiyo maana siku hizi tunafanya kazi kama vipofu.

"Ni vizuri," alisema Mama Gaspari. "Mtu asijue anampikia nani."

Hayo yalikuwa ya Jumatano. Lakini kilichonifanya nisimame na koki mkononi kilitokea Jumatatu, kabla hata sijalijua jina lake vizuri.

Muuguzi alikuja na kasha la sampuli. Siku hiyo zilikuwa mbili tu, ya Gaspari na ya Lugano. Vichupa havina jina, vinapangwa kwenye kibao chenye matundu, kasha linafungwa kwa lakiri, linapelekwa Lushoto kwa ndege siku hiyohiyo, kwenye mashine ya kusoma sampuli. Muuguzi akauliza aanze na nani. Nikasema, bila kufikiri, kama ambavyo ningesema mtu akiuliza nani anawe mikono kwanza: "Mgeni atangulie."

Muuguzi akacheka, akasema, ndiyo, mgeni njoo mwenyeji apone. Akakiweka kichupa cha Gaspari tundu la kwanza. Cha Lugano la pili.

Utaratibu unasema Lushoto wavichanganye kabla ya kuvipakia, maana kinachopakiwa kwanza huingia tangi Namba Moja. Lakini mimi namjua mtu wa Lushoto.

*

Bwana Shekiondo ni mwenzangu wa miaka sita na sijawahi kumwona. Namjua kwa sauti, kwa kikohozi na kwa salamu. Chembe zetu hazipeleki maneno. Watu wengi hudhani tunaongea kupitia humo. Hapana. Tunaongea kwa simu kama kila mtu. Ila kila asubuhi saa mbili tunatoa chembe moja kwenye kila tangi, mimi huku yeye kule, tunazisoma. Ananitajia yake, namtajia yangu. Zikifanana tunajua mfungamano uko hai. Hizo chembe zimetengwa kwa kazi hiyo, hesabu haizihitaji. Tunaziita chembe za salamu, na zikishafanana yeye husema "Kamwene" kwa Kibena chenye lafudhi ya Usambaani, nami namjibu. Asubuhi hiyo zilikuwa zimefanana.

Nilimpigia saa nne na dakika ishirini na mbili. Nikamweleza pampu, geji, dakika. Akauliza maswali ya maana: beringi ya juu au ya chini, nimemwaga maji kwenye koti la kupoza la pampu, nimepiga simu makao makuu. Nilikuwa nimefanya yote. Makao makuu walisema wanafuatilia. Nikamuuliza kama ana nafasi ya kunipokelea hesabu moja, akasema matangi yake yote mawili ndiyo hayohayo nusu zangu, jambo nililolijua fika.

"Basi ni bango," alisema. "Pole, mama. Geuza Namba Moja, mimi nitaizima Namba Mbili kwa upande wangu. Tutaandika sote."

"Ndiyo."

Nilisikia anasubiri. Upande wa simu yake kulikuwa na redio na mtu anafagia.

Hapo ningeweza kukata simu. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi na kila mara nafika palepale: mkono wa kulia kwenye koki, wa kushoto kwenye simu, na dakika thelathini na nane zilizobaki. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Kama Shekiondo alipakia kwa mpangilio, tundu la kwanza ndilo Namba Moja, na tundu la kwanza ni Gaspari. Na mimi ndiye niliyemweka pale, kwa adabu.

Kama alivichanganya, sijui kitu, na sheria ni sheria.

Swali moja lingenitoa gizani. Ningeweza kulivalisha nguo za kazi na lisingegunduliwa. Na nilijua, kwa sababu ndiyo kazi yangu kuliko mtu yeyote wilaya hii, kwamba ukishatazama huwezi kurudi kuwa mtu ambaye hakutazama.

"Bwana Shekiondo," nilisema. "Jumatatu ile, vile vichupa viwili, ulivichanganya?"

"Vya kasha la kwenu?"

"Ndiyo. Ni kwa ajili ya ripoti."

"Aa, mama, we' nawe. Viwili tu, nichanganye nini? Na vidole vyangu hivi na baridi ya usiku." Akakohoa. "Nilivipakia kama vilivyokaa."

"Kuanzia cha kwanza," nikasema.

"Hapana, cha mwisho. Nikilifungua kasha huwa limenigeukia, kwa hiyo cha mwisho ndicho kinachokuwa karibu na mkono. Kama viatu msikitini. Aliyeingia mwisho viatu vyake viko mlangoni, anatoka kwanza. Cha mwisho ndicho Namba Moja. Miaka yote nafanya hivyo."

Kwa hiyo Namba Moja ilikuwa Lugano. Namba Mbili ilikuwa mtoto wa Lupingu. Sheria iliyo ukutani, ambayo niliisoma nikasimama mbele yake dakika kumi na mbili bila kuitii, ilikuwa inaniamuru nimwokoe mwanangu.

Redio ya Lushoto ilizimwa. Mfagiaji naye aliacha.

"Mama Lugano," alisema Shekiondo, taratibu, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Ripoti haina sehemu ya kuandika hilo."

"Haina."

"Una mtu mle ndani."

"Ninaye."

Alipumua. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na nilisikia anatafuta neno ambalo lisingekuwa tusi. Alisema, "Ungeniacha nifikiri kabla sijakujibu." Halafu akasema, "Sasa nami ninajua." Halafu akaniuliza geji inasomaje.

Nikamsomea. Nikageuza koki kushoto. Inazunguka kwa urahisi sana, koki ile, niliilainisha mwenyewe.

Tangi Namba Mbili lilichukua dakika ishirini na nane kufa. Hakuna cha kuona. Kuna mstari kwenye kioo, unatetemeka kidogo, unaanza kupanda kama homa, kisha kuna wakati ambapo mstari unaendelea kupanda lakini hesabu haipo tena. Wakati huo haupigiwi kengele. Nilikaa na tangi mpaka mwisho kwa sababu nilidhani mtu alipaswa kukaa nalo. Shekiondo alikaa kwenye simu. Mwishoni akasema, "Ya huku nayo imekwenda," kana kwamba ingeweza kufanya vinginevyo.

*

Bwana wa Makambako alifika saa saba na nusu akiwa na beringi mpya na koleo lake. Nilimnyang'anya koleo. Nikamwonyesha kila kitu, tukaifunga pampu pamoja, nikamwachia zamu kwa maandishi. Kwenye sehemu ya sababu niliandika: *Nina mtoto kwenye foleni tangu siku ya kwanza. Sikutoa taarifa.* Niliandika pia swali nililomuuliza Shekiondo, na saa niliyouliza. Sikuandika kwa ujasiri. Niliandika kwa sababu nilikuwa nimechoka kubeba.

Kisha nikaenda hospitali kwa miguu. Ni mwendo wa dakika arobaini, kupitia kwenye mashamba ya viazi. Sikutaka kufika haraka.

Kuna njia ya kulisema jambo lile na kuna njia ya kutolisema. Kesho hesabu ya Lugano ingemalizika, jina lingefunguka, muuguzi angekuja na dawa kwenye kitanda kimoja. Mama Gaspari angeelewa palepale habari ya kitanda chake bila mtu kumwambia. Nilimfundisha mwenyewe jinsi inavyokuwa. Angedhani hakuna aliyechagua. Angenishika mkono. Angenipa hongera, kwa sababu ni mwanamke wa namna hiyo, na mimi ningepokea.

Nilimkuta anashona kitufe cha shati la Gaspari. Mtoto alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, na Lugano alikuwa amelala pia, ameelekeza uso ukutani. Madaktari walituambia Jumatatu ile kwamba watoto wote wawili wana siku kumi za kuwa na uhakika nazo, na baada ya hapo ni Mungu. Ilikuwa siku ya nane.

Nilikaa kwenye benchi, nikamwambia. Nilianza na pampu, nikaenda kwenye koki, nikaenda kwenye bango, mistari yote miwili. Nikamwambia kuhusu kichupa na *mgeni atangulie*. Nikamwambia kuhusu simu, na viatu vya msikitini. Sikulia. Kulia mbele yake ingekuwa kumwomba anibembeleze.

Alimaliza kushona kitufe, akakata uzi kwa meno, akalikunja shati.

"Kwa hiyo sheria ilisema Namba Moja," alisema.

"Ndiyo."

"Na ukaokoa Namba Moja."

"Ndiyo."

"Hata asiyejua kitu angefanya hivyohivyo. Hata mwendawazimu."

"Hata yeye."

Aliniangalia. Ana macho ya mtu anayepima nguo: hayana chuki, yanatafuta pale mshono ulipokosea.

"Na kama yule mzee angesema cha kwanza ndicho Namba Moja? Kwamba sheria inamtaka wangu?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo njiani kote, kwenye viazi, kila hatua. Nilikuwa nimelitengenezea majibu matatu, yote mazuri. Nilifungua mdomo nikaona hakuna hata moja lililokuwa kweli. Ndani yangu mahali pale hapakuwa na kitu, wala ndiyo wala hapana. Siku ile haikufunguliwa, na haitafunguliwa tena.

"Sijui," nilisema.

"Hujui."

"Sijui, Mama Gaspari."

Alishika kanga yake begani, akaivuta ikambana. Nilidhani angeivua anirushie, na ningeiokota. Hakuivua. Alimgeukia mtoto wake, akamwekea mkono kifuani, akawa anahesabu pumzi zake kimyakimya kama alivyofundishwa na muuguzi. Alihesabu mpaka mwisho.

"Ikianza upya leo," alisema bila kunitazama, "inaisha lini?"

"Siku tisa. Lakini Namba Mbili ni tupu na pampu imepona. Kichupa cha pili cha Gaspari kipo kwenye jokofu la maabara, nimepita kuuliza. Ndege ya Lushoto inaondoka saa kumi na moja."

"Siku kumi zao na siku tisa zako."

"Nimehesabu. Hazilingani."

"Mimi nashona," alisema. "Nguo isiyotosha huwa unaiachia pindo." Akamfunika Gaspari vizuri. "Nenda kaianzishe. Usilale, Mama Lugano. Usikae hapa kunitazama. Nenda."

Niliwaambia kazini kwamba sitagusa koki, bwana wa Makambako ndiye mwenye zamu. Lakini kuketi kando ya pampu na kuisikiliza hakuhitaji zamu, na hakuna bango linalokataza. Nikasimama. Nilipita kitanda cha Lugano nikamshika unyayo, ulikuwa wa moto, akauvuta usingizini kama anavyofanya siku zote. Sikumwamsha.

Mlangoni muuguzi alikuwa na kasha jipya, kichupa kimoja ndani yake. Aliniuliza akiweke tundu gani.

"Popote," nikamwambia, nikalichukua kasha, nikatembea.